Sufuria Ikilala Demani

Safari ya arobaini na mbili hii, na sijamwona pomboo.
Si kwamba hawaji. Wanakuja.
Nawajua kwa sufuria:
watu wote wakikimbilia upande mmoja
boti inainama, mchuzi unapanda ukingoni,
kifuniko kinalia ka, ka, ka,
nami naukumbatia wali kwa matambara mawili
huku juu wanapiga kelele, "Wale! Wale pale!"
Mimi naangalia vitunguu.

Leo tumepakia watu wa bandarini, kumi na tisa.
Wanamuaga Mzee Shekimweri, karani wa ghala:
miaka thelathini na mitatu ya kuhesabu robota za mkonge
katika daftari la mistari myekundu,
na hajawahi kukanyaga ndani ya chombo.
Ndivyo walivyosema kwenye hotuba, wakacheka.
Naye akacheka, kaishika nguzo
kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Tuling'oa nanga Raskazone saa kumi na moja kasorobo.
Toten ikabaki nyuma, Yambe ikaanza kunenepa mbele.
Binti mmoja wa uhasibu, kahamia juzi kutoka Dodoma,
akainama dirishani kwangu kulalamika:
mbona jua linazamia bara?
Yeye aliahidiwa jua la majini.
Mwanangu, nikamwambia, bahari yetu hulizaa asubuhi;
kulizika ni kazi ya Muheza,
huko nyuma ya michungwa.

Sufuria ikalala demani.

"Wale!"

Nikakumbatia. Ndipo nikaona viatu,
viatu vyeusi vya ofisini, vikishuka ngazi kinyumenyume.
Mzee, uso rangi ya maji ya mchele.
Akaomba ndimu. Nikamkatia.
Akaifyonza mpaka ganda.
"Huendi kutazama?" akaniuliza.
"Wali uko kwenye mvuke wa mwisho. Na wewe?"
Akafikiri. "Kule juu maji ni mengi."

Kisha akavua koti la suti, akalikunja mara mbili,
akanipokonya matambara.
"Nenda. Kushika vitu visianguke
ndiyo kazi pekee ninayoijua."

Nikapanda.

Sikuona mruko. Sikuona lile lililochorwa
kwenye bango letu pale getini.
Niliona mgongo, mmoja,
unang'aa kama chungu kilichotoka kusuguliwa kwa majivu.
Ukatoka, na nikaisikia pumzi yake: pfuu,
kama mama aliyetua kuni.
Ukarudi chini.
Maji yakajifunga
jinsi uji unavyojifunga nyuma ya mwiko.
Basi, ndio huo.
Nikataka kusema neno, likanitoka
astaghafirullahi,
na mpaka sasa sijui nilikuwa naomba radhi ya nini.

"Wangapi?" sauti ikapanda kutoka jikoni.
"Mmoja!"
"Hao wenzako wanasema saba!"
"Andika mmoja," nikamjibu. "Hao sita sikuwapokea."

Wali ukashika chini, bila shaka.
Hakuna aliyejua. Walikula kolekole wa kupaka
chini ya taa ndogondogo za waya,
wakionyeshana simu zilizojaa maji matupu:
hapa alikuwepo, hapa, ona, kidogo tu nimkose.
Binti wa Dodoma aliongeza mchuzi mara tatu.

Mzee hakupanda mezani.
Alikaa ngazi ya mwisho, matambara begani,
ukoko wote kwenye sahani yake,
anauvunja kwa meno, ka, ka, ka,
rangi imemrudi.
Nikamkalia karibu, na yangu ya maji ya kunywa.
Tulipoipita tena Toten
akanyoosha kidole chenye mafuta kuelekea gatini.
"Ghala langu lile," akasema. "Namba tatu."
Akanyamaza kidogo.
"Sikujua kama lina taa
upande huu."